Programu moja: laptopu inasema maji yanajaa saa 10:12, Raspberry Pi inasema 10:06. Nimwamini nani?

#1 BamvuaTz (Sahare, Tanga)
Wakuu salaam. Nina programu huria ya kukokotoa maji kupwa na kujaa, nimeiandika kwa C, msimbo uko wazi kwa anayetaka. Inasoma faili la vijenzi vya maji ya bandari, yaani mizunguko ya mwezi na jua inayosukuma maji (M2 wa saa 12.42, S2 wa saa 12, K1, O1 na wenzao), inatembea siku nzima kwa hatua za dakika 6, inaokota pale maji yalipo juu kabisa na pale yalipo chini kabisa, halafu inaandika kwenye luninga tuliyoitundika mwaloni. Kwenye laptopu yangu, Core i5 ya mtumba ya kizazi cha tatu, Ubuntu, mambo swafi.

Nilipoihamishia kwenye Raspberry Pi 3, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ndipo maajabu yalipoanza. Kwanza inaganda wakati wa kusoma faili. Prosesa inapanda asilimia 100 na hakuna kinachotoka. Pili, zile siku za bamvua kubwa ambapo maji hushuka chini ya alama ya sifuri niliyoipaka kwenye nguzo, laptopu inaandika -12 au -9, Pi inaandika 0. Tatu, baadhi ya siku wanapishana saa ya kujaa: huyu 10:12 alfajiri, yule 10:06. Msimbo uleule, faili lilelile, tarehe naingiza kwa mkono.

Kuna jamaa kaniambia Pi ni kitu cha kuchezea watoto, eti ARM, aina ya prosesa yake, haijui hesabu. Wajuvi njooni.

#2 Kimanumanu
Dakika 6 tu mkuu? Coastal Union wamewahi kuchelewa zaidi ya hapo kuingia uwanjani na hakuna aliyefungua uzi. Nakaa siti ya mbele.

#3 FundiMakorora
Mkuu kabla ya kumsingizia prosesa, hiyo Pi unaiwasha kwa chaja gani? Wengi mnachomeka chaja ya simu ya elfu tatu. Pi 3 inataka volti 5 na ampea 2.5, ukiinyima inajipunguza kasi na inaanza vituko. Kadi ya SD nayo, zile za bei ya chee zinakula faili taratibu huku zinakuchekea. Badilisha hivyo viwili kwanza, ndiyo uje na hoja za ARM.

#4 BaitiKinyume
Fundi, umeme mdogo unaleta vurugu za kubahatisha: leo inakufa hapa, kesho pale. Jamaa kasema inaganda palepale kila mara na inatoa 0 palepale kila mara. Hiyo si chaja.

BamvuaTz, nimefungua msimbo wako. Faili la kusomea lina hiki:

`char c;`
`while ((c = fgetc(f)) != EOF)`

Mgosi, `fgetc`, ile inayosoma baiti mojamoja, inarudisha `int`, na EOF (mwisho wa faili) ni -1. Kwenye Intel na AMD, kompaila ya GCC inaichukulia `char` tupu kuwa yenye alama, yaani inabeba hata namba hasi, kwa hiyo -1 inaingia humo na kutoka ikiwa -1. Kwenye Linux ya ARM `char` tupu haina alama. Ile -1 inageuka 255, na 255 haitakuja kuwa sawa na -1 hata usubiri kaskazi ipite na kusi irudi. Ndiyo maana inazunguka. PowerPC, s390x na RISC-V, aina nyingine za prosesa, nazo ziko upande huo huo wa ARM, kwa hiyo hapa Intel ndiye anayetofautiana na hao wote.

Andika `int c`. Na usidhani laptopu ilikuwa salama: faili lako likiwa na baiti 255 katikati, laptopu itadhani faili limeisha na kuondoka mapema bila kukuaga.

#5 MtotoWaKaole (Bagamoyo)
Sikubaliani na #4. Nimeshusha msimbo wake sasa hivi, nimeukompaili kwenye MacBook ya M1, ambayo ni ARM tupu, na haikuganda. Kwa hiyo habari ya ARM iondoe mezani. Tatizo ni hiyo Pi yenyewe.

#6 BaitiKinyume
Kaole karibu Tanga, ila usiondoke mapema. Alama ya `char` haiamuliwi na chuma. Inaamuliwa na makubaliano ya mfumo endeshi na kompaila. Apple kwenye ARM yao waliamua `char` iwe na alama, kama walivyozoea kwenye Intel. Linux ya ARM haikuamua hivyo. Ukitaka kuona kwa macho yako, kompaili hapo hapo kwenye Mac yako kwa `-funsigned-char`, halafu uje utuambie.

#7 MtotoWaKaole
Imeganda. Endeleeni.

#8 Kimanumanu
Hahaha waja leo waondoka leo.

#9 BamvuaTz
Nimeweka `int`, Pi imepita. Shukrani BaitiKinyume. Zile sifuri za bamvua na dakika 6 bado zipo vilevile.

#10 LushotoBaridi
Nilisoma kwamba ARM inapanga baiti kinyume na Intel, kubwa mbele. Si ndiyo sababu ya namba kutofautiana?

#11 MtuWaPongwe
Hapana mkuu. ARM inaweza njia zote mbili, lakini Linux za ARM unazokutana nazo, Pi, simu, seva, zote zinaweka baiti ndogo mbele kama Intel. Wa kubwa mbele siku hizi ni s390x za IBM na baadhi ya prosesa za MIPS.

Na hao MIPS msidhani wako mbali. Kuna ruta za zamani zenye chipu za Atheros, ukiziwekea OpenWrt (Linux ya ruta) ni MIPS ya kubwa mbele. Niliwahi kuifanya moja ihesabu magari ya mchanga getini: inaandika idadi kwenye faili kama baiti nne, mimi nasoma faili kwenye laptopu nyumbani. Gari la kwanza limepita, laptopu inasema 16,777,216. Bosi akauliza kama tumefungua machimbo mengine. Ukiona namba ya namna hiyo, baiti zimegeuzwa. Ya BamvuaTz ingekuwa hivyo asingeona 0, angeona mamilioni. Tena faili lake ni la maandishi, baiti hazina pa kugeukia.

#12 BintiNgamiani
Habari zenu kaka zangu. Zile sifuri nimeziona. Kwenye kazi inayohifadhi kina cha maji kuna mstari huu:

`uint16_t cm = (uint16_t)(kina * 100.0);`

halafu mbele huko hiyo `cm` inasomwa tena kama `int16_t`. Kina kikiwa -0.12 unapeleka -12.0 kwenye namba isiyo na alama. Kiwango cha C kinasema hapo hakuna jibu lililoahidiwa, kila prosesa ifanye ipendavyo. Intel inageuza kwanza kuwa namba nzima yenye alama, inakata biti 16 za chini, unapata 65524, na ukiisoma tena kwa alama inarudi -12. ARM ina amri yake ya kugeuza moja kwa moja kwenda isiyo na alama, na ikikuta hasi inabana kwenye 0.

Yaani laptopu ilikuwa inakupa jibu sahihi kwa njia ya panya. Pi ndiyo ilikuwa mwaminifu kwa kile ulichoandika. Weka `int16_t` toka mwanzo.

Ukitaka kompaila ikukamatie haya, weka `-fsanitize=undefined`, lakini hii ya desimali kwenda namba nzima haimo ndani yake. Lazima uiongeze kwa jina lake, `-fsanitize=float-cast-overflow`. Wengi wanaikosa hapo, wanaona kimya wanadhani wamepona.

#13 FundiMakorora
Dada umetisha. Chaja naifunga, lakini kadi ya SD bado naishuku.

#14 BintiNgamiani
Asante fundi. Na mimi niseme yangu maana mnaongea kana kwamba ni habari za Pi peke yake. Nilitengeneza apu ya kikundi cha akina mama wa kuweka na kukopa pale Ngamiani, barabara ya 12. Kwenye simu yangu inaruka kama swala. Siku ya kuigawa, nusu ya simu zinakataa kuisakinisha. Nilijua ni hifadhi imejaa, nikawafutisha picha za harusi bure. Kumbe nilikuwa nimejenga `arm64-v8a` (ARM ya biti 64) tu, na zile simu za bei nafuu za Android Go chipu ni ya biti 64 lakini mfumo uliowekwa juu ni wa biti 32, ili kubana kumbukumbu. Zinataka `armeabi-v7a`, ile ya biti 32.

Mtu anasoma kwenye boksi "biti 64", anafurahi. Usisome boksi, iulize simu yenyewe: `getprop ro.product.cpu.abilist`.

#15 NahodhaMstaafu
Vijana hamjambo. Mimi nimeendesha jahazi Tanga, Pemba, Pangani, kabla ya hizo luninga zenu za mwaloni. Bamvua linakuja mwezi ukiwa mpevu na mwezi ukiwa mwandamo, linakolea siku moja au mbili baadaye. Maji mafu yanakuja mwezi nusu. Na kila siku maji yanachelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Sasa dakika 6 ndiyo mnagombana? Ngalawa haiondoki kwa dakika 6.

#16 MtuWaPongwe
Shikamoo baba. Hilo la dakika 50 umetupa kipimo kizuri kuliko vyote vilivyotajwa hapa. BamvuaTz, usilinganishe Pi na laptopu tu, maana wote wawili wanaweza kukosea pamoja. Andika jaribio linalosema: kujaa kwa leo na kwa kesho visipishane chini ya nusu saa wala zaidi ya saa moja u nusu. Lile halijui ARM wala Intel.

#17 NahodhaMstaafu
Marahaba. Maji mafu yakifika huo mwachano unatanuka, bamvua likifika unabana. Ungewauliza wavuvi wangekwambia bila kompyuta.

#18 FundiMakorora
Nimerudi na jingine, na hili mniache niseme. Pi 3 haina saa yenye betri. Umeme ukikatika, ikiwaka tena bila intaneti inaendelea na saa ya mwisho iliyoihifadhi. Mwaloni umeme ulikatika dakika 6, luninga imebaki nyuma dakika 6. Hesabu imefungwa. Pi 5 ndiyo wameiwekea saa ndani, na betri unanunua mwenyewe.

#19 BamvuaTz
Mkuu nilisema toka #1 tarehe naingiza kwa mkono, programu haisomi saa ya mashine kwenye majaribio. Ila kwa luninga ya mwaloni hilo ni kweli, na sasa sijui malalamiko ya wavuvi ni yapi ya saa na yapi ya hesabu. Umeniongezea kazi.

#20 MtuWaPongwe
Mimi dau langu kwa dakika 6 ni FMA. Ni amri ya kuzidisha na kujumlisha kwa mkupuo mmoja: badala ya kuzungusha desimali baada ya kuzidisha na tena baada ya kujumlisha, inazungusha mara moja mwishoni. Jibu linakuwa sahihi zaidi kidogo, na biti ya mwisho inatofautiana. ARM ya biti 64 inayo tangu kuzaliwa, na GCC bila kuombwa inaitumia kila ikiona `a*b+c`. Kwa amd64 ya kawaida (Intel na AMD za biti 64) GCC haiitumii, kwa sababu prosesa za mwanzo za mwaka 2003 hazikuwa nayo na kompaila inajenga kwa ajili ya zote.

Sasa unganisha na hesabu yake. Maji yakikaribia kilele yanakuwa kama meza, dakika 6 huku au kule tofauti haifiki hata milimita chache. Kilele kikiangukia katikati ya hatua mbili, vina viwili vinakuwa sare. Biti moja ya mwisho ndiyo inayoamua nani mshindi, na anayeshinda yuko dakika 6 mbali na mwenzake. Ndiyo maana tofauti ni 6 kamili kila mara, haijawa 2 wala 4.

Jaribu kuizima kwa `-ffp-contract=off`.

#21 BaitiKinyume
Hoja tamu ila ina tundu. Raspberry Pi OS ya biti 32 imejengwa kwa ARMv6, toleo la zamani la ARM, na VFPv2, kitengo chake cha desimali, ili hata Pi ya kwanza ya 2012 iendeshe. Humo hamna FMA. Kompaila haiwezi kutumia amri ambayo imeambiwa haipo.

#22 BamvuaTz
Tofauti nilianza kuziona kwenye biti 32. Sasa niko kwenye biti 64, na siku zinazopishana zimeongezeka.

#23 BaitiKinyume
Zimeongezeka. Kwa hiyo FMA inaweza kueleza nyongeza, ila zile za mwanzo bado hazina mwenyewe.

#24 MtotoWaKaole
Narudi kwa heshima zote. Mbona hakuna aliyetaja kwamba programu ina nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazokwenda sambamba? Moja inakokotoa, nyingine inaandika. Ile ya kwanza inajaza jedwali, kisha inaweka `tayari = 1`. Ya pili inasubiri `tayari`, inasoma. Hakuna kufuli, hakuna `atomic` ya kulinda mpangilio, ni `int` tupu.

Intel inaonyesha maandishi kwa mpangilio ulioyaandika. ARM haikuahidi hivyo: uzi wa pili unaweza kuona `tayari` imekuwa 1 wakati jedwali bado lina thamani ya zamani. Na thamani ya zamani ni ipi? Ni ya mzunguko uliotangulia, uliosimama hatua moja nyuma. Dakika 6! Tofauti zinaongezeka kwa biti 64 kwa sababu kasi imebadilika. Hapo FMA haihusiki kabisa.

#25 MtuWaPongwe
Ingekuwa hivyo isingerudia siku zilezile. Ya nyuzi inabahatisha, kama chaja ya Fundi.

#26 MtotoWaKaole
BamvuaTz hajasema kama ni siku zilezile. Kasema "baadhi ya siku".

#27 LushotoBaridi
Samahani kwa swali la kitoto. Mtu asiye na Pi, wala M1, wala hiyo ruta ya mchanga, anajaribuje? Mimi nina laptopu moja tu.

#28 BaitiKinyume
Si la kitoto, ndilo lilipaswa kuwa la kwanza. Sakinisha QEMU ya mtumiaji, emuleta inayoigiza prosesa nyingine, na kompaila ya ARM. Unakompaili kwa `aarch64-linux-gnu-gcc -static`, halafu unaendesha kwa `qemu-aarch64 ./maji` hapo hapo kwenye Intel yako. `char` isiyo na alama utaiona, sifuri za bamvua utaziona. Ya kubwa mbele nayo utaiona ukiweka `s390x`, na mashine ya namna hiyo hutaipata hata ukizunguka Kariakoo mwaka mzima.

Kitu kimoja hutakiona: ya MtotoWaKaole. Ukiigiza ARM juu ya Intel, mpangilio wa kumbukumbu chini yake ni ule wa Intel, mkali. Hitilafu ya nyuzi inajificha, emuleta inakupa kijani, unalala usingizi.

#29 LushotoBaridi
Asante. Maelekezo mengi mtandaoni yanasema nitumie kontena, yaani mfumo mzima uliofungashwa tayari. Nimejaribu kuvuta moja ya arm64 na moja ya s390x, bando la wiki limekwisha kabla haijamaliza ya pili.

#30 BintiNgamiani
Achana na kontena, kompaila peke yake ni ndogo. Na kama msimbo uko wazi GitHub, toka 2025 wanatoa mashine za arm64 za kweli bure kwa miradi ya wazi. Unaandika `runs-on: ubuntu-24.04-arm` kwenye faili la majaribio, wao ndio wanaovuta na kukompaili, bando lako linabaki la kusoma majibu tu. Kwa aina zisizo za kawaida kuna shamba la mashine la cfarm, lilianza kwa ajili ya watu wa GCC, watunzaji wa programu huria wanaomba akaunti wanaingia kwa SSH. Humo kuna POWER, kuna RISC-V na wengine.

#31 FundiMakorora
Mnazungumzia ARM na Intel kana kwamba Intel ni mmoja. Njooni dukani kwangu. Nina Core 2 Duo, nina Celeron, nina Pentium, zote zimetoka ofisi za Ulaya. Kijana wa chuo analeta programu ya kutambua picha, kwenye ya rafiki yake inafanya, kwenye yake inaandika "Illegal instruction" na kufa. Kirusi? Hapana. Imejengwa kwa AVX, amri za kukokotoa namba nyingi kwa mkupuo, na hiyo Celeron haina. Intel waliziuza Celeron na Pentium bila AVX miaka na miaka wakati Core za kizazi hichohicho zinayo. Hifadhidata ya MongoDB kuanzia 5.0 inadai AVX. Kwa ARM inadai ARMv8.2-A, na Pi 4 ni ARMv8.0, haimo.

Siku hizi mteja akija kununua simuonyeshi jina la prosesa, naandika `lscpu` anasoma mwenyewe mstari wa bendera.

#32 Kimanumanu
Fundi hiyo Celeron uliyoniuzia mimi ina AVX?

#33 FundiMakorora
Wewe ulitaka ya kuangalia mpira.

#34 MtuWaPongwe
Kuongezea kwa Fundi: hata ARM mbili hazifanani. Pi 5 kerneli yake ya kawaida inagawa kumbukumbu kwa kurasa za kilobaiti 16, wakati Pi 4 na Intel ni 4. Programu zilizojengwa na jemalloc, maktaba ya kugawa kumbukumbu, kwa dhana ya 4 zinagoma kuwaka. Na watu wa Android wameshaambiwa: apu zinazolenga Android 15 kwenda mbele lazima zikubali kurasa za 16, tarehe ya Play Store ilikuwa 1 Novemba 2025.

#35 LushotoBaridi
Na RISC-V? Au hiyo ni ya maprofesa tu?

#36 BaitiKinyume
Ilianzia kwa maprofesa kweli, Berkeley mwaka 2010. Lakini Linux ya Debian 13 ya Agosti 2025 imeipokea rasmi, na toleo hilohilo limeacha kutoa kisakinishi cha Intel ya biti 32. Na kama umenunua chipu ya ESP32-C3 kwa ajili ya kipima unyevu cha shamba, una RISC-V mfukoni. ESP32 ya mwanzo ni Xtensa, aina nyingine kabisa, msichanganye.

BamvuaTz, ukiwa bado na ile kadi ya biti 32 jaribu kitu kimoja. Ingiza tarehe 20 Januari 2038.

#37 BamvuaTz
Laptopu imetoa jedwali la kawaida. Kadi ya biti 32 imenipa maji ya Desemba 1901.

#38 NahodhaMstaafu
Wakati wa Mjerumani huo. Hata mimi sikuwepo.

#39 BaitiKinyume
Saa ya biti 32 inajaa tarehe 19 Januari 2038 na kurudi nyuma hadi 13 Desemba 1901. Debian 13 wamehamisha armhf, ARM yao ya biti 32, kwenda saa ya biti 64. Kwa hiyo "biti 32" nayo inategemea ni ya lini.

#40 BamvuaTz
Wakuu, nimekaa nayo. Majibu haya hapa, msinipige mawe.

Kwa MtotoWaKaole: nimeweka `atomic` kwenye `tayari`, kisha nikaendesha mwezi mzima wa jedwali kwenye Pi kwa kurudiarudia. Siku zinazopishana ni zilezile kila mara, kabla na baada. Kwa MtuWaPongwe: nimeweka `-ffp-contract=off` kwenye Pi ya biti 64, karibu zote zimekubaliana na laptopu. QEMU ya riscv64 nayo ilikuwa inasema 10:06 pamoja na Pi, na nilipozima hiyo FMA ikahamia 10:12.

Zimebaki chache ambazo hazisikii dawa. Ya tarehe ya bamvua kubwa ni mojawapo: laptopu 10:12, Pi 10:06, FMA imezimwa.

#41 MtotoWaKaole
Kurudiarudia kwenye Pi 3 hakuthibitishi kitu kwa ya nyuzi. Cortex-A53 inatekeleza amri kwa foleni, ni mpole. Ingekuwa kwenye prosesa inayoruka foleni tungeongea mengine. Nitaijaribu kwenye M1 bila `atomic` yako.

#42 MtuWaPongwe
Nimefanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya: Intel dhidi ya Intel. Laptopu yangu ni i5 ya kizazi cha nne. Programu uliyokompaili wewe BamvuaTz, faili lilelile la kuendesha, sijagusa hata baiti. Tarehe ya bamvua kubwa, yangu inasema 10:06.

#43 BamvuaTz
Subiri. Programu ileile? Intel?

#44 BintiNgamiani
Hapo ni `sin` na `cos`. Hazimo kwenye msimbo wako, zinatoka glibc, maktaba ya C ya Linux, na glibc kwenye amd64 ina matoleo zaidi ya moja ya hizo kazi. Programu inapowaka inaikagua prosesa: ikikuta FMA inachukua la FMA, isipokuta inachukua la kawaida. FMA kwa Intel ilikuja na Haswell mwaka 2013, yaani kizazi cha nne. Yako ni cha tatu. `-ffp-contract` inagusa msimbo wako tu, ile maktaba haiijui.

Kwa hiyo kwenye tarehe hiyo laptopu yako ndiyo ilikuwa peke yake, si Pi.

#45 FundiMakorora
Mtumba huo. Niliwaambia Intel si mmoja.

#46 BaitiKinyume
Inawezekana, lakini haijathibitishwa. Kuna vigeu viwili kwenye kazi ya kutafuta kilele ambavyo sioni vinapoanzishwa. Vikianza na takataka ya kumbukumbu, kila mashine ina takataka yake, na hiyo inaeleza pia zile tofauti za biti 32 ambazo FMA haikuzigusa. Ipitishe kwenye Valgrind, programu ya kukagua matumizi ya kumbukumbu, kabla hatujazika mtu.

Na hata ikiwa ni `sin`, dawa haiko kwenye prosesa. Chukua hatua tatu za juu, pitisha parabola, kokotoa kilele chake kwa desimali. Sare haitakuwepo, na dakika 6 zitakuwa sekunde.

#47 MtuWaPongwe
Parabola inaficha ugonjwa. Mimi nataka kwanza nijue ni nani.

#48 NahodhaMstaafu
Siku hiyo ya bamvua ni lini? Nitakwenda gatini na saa ya mkononi.

#49 BamvuaTz
Baba tarehe nakutumia sasa hivi. BaitiKinyume, Valgrind inaendelea, kwenye Pi inakwenda polepole sana. MtuWaPongwe naomba unitumie matokeo yako ya mwezi mzima, si siku moja.

#50 Kimanumanu
Nahodha naomba nije na wewe, ila saa yangu iko nyuma.